Mbwa Niliowaachia Kamba

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni chini kwanza. Mbwa hafundishwi na mtu aliyesimama mlangoni anaangalia simu, na habari za mbwa hazisomwi hivyo pia. Aliyenitia katika kuandika ni Espe, binti wa Bukavu niliyefanya naye kazi, na sasa ndiye mkubwa wenu huko kwenye kiwanja kipya. Alikuja nyumbani nilipotangaza kwamba nimeacha, akakaa juu ya ndoo, akasema, "Mama, ukipumzika nani atatuambia? Andika. Hata ikiwa mubaya, andika tu." Basi nimeandika. Ikiwa mbaya, mlaumuni yeye.

Shule niliisoma Tanga mpaka darasa la nne, nikatolewa kulea wadogo zangu. Maneno makubwa msiyatafute hapa. Wala msitafute nilipandishwa cheo gani. Kazi ya mbwa haina cheo. Kuna anayemjua mbwa na asiyemjua, na mbwa ndiye anayewatenganisha.

Johannesburg nilikuja kumfuata binti yangu Rehema. Nilifua nguo za watu, nililea watoto wa watu, nikasugua ngazi za maghorofa ambayo sikuwahi kufika juu yake. Hayo siyaandiki. Kazi ninayoiita kazi ilianza mwaka 2015, nikiwa tayari bibi, nje ya Diepsloot, pale vibanda vya mwisho vinapokwisha na nyasi zinapoanza.

Pale palikuwa na kiwanja cha mzee mmoja tuliyemwita Mkhulu, ndiyo babu kwa Kizulu. Sijawahi kusikia mtu akimwita jina jingine. Alikuwa akiokota mbwa wa mbio, wale wembamba wenye kifua kirefu na tumbo lililoingia ndani, ambao mitaani wote huitwa greihaundi hata wakiwa machotara wa mbwa wa kienyeji. Watu wa kamari huwakimbiza hawa mbwa nyuma ya sungura, wakivamia mashamba ya watu bila ruhusa. Mbwa akivunjika mguu, wanamwacha palepale. Mkhulu aliwachukua, akawatibu, akawafundisha upya, akawinda nao sungura kwenye mashamba ya mboga ambayo wenyewe walimwita, kisha akawatafutia nyumba kwa watu wenye uwanja na moyo. Moyo aliutaka kwanza.

Siku ya kwanza nilikwenda kuomba kufua. Nilikuwa nimesikia ana mablanketi mengi. Sikujua mablanketi ni ya nani. Nilipofika, mbwa walikuwa wamelala juani kwa mstari, kila mmoja juu ya blanketi lake, wamekunja miguu kama viti vya harusi vilivyokwisha kazi. Nikamwambia Mkhulu wazi: mimi ni Mwislamu, mate ya mbwa kwangu ni najisi, mdomo wa mbwa siushiki.

Akanitazama. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili, maana Kizulu changu wakati ule kilikuwa cha kuombea chumvi. Alisema, "Gogo," ndiyo bibi kwao, "nani amekuambia ushike mdomo? Shika blanketi."

Nikashika blanketi. Nilikuwa na nguo zangu za kazi, zinazoishia kazini, na ndoo yangu yenye alama. Mbwa akinilamba naosha mara saba, moja yake kwa udongo, kama nilivyosomeshwa utotoni katika chuo cha Kurani. Udongo wa pale ni mwekundu, unashika ngozi kama hina. Mkhulu aliponiona kila siku napaka udongo mkononi, alidhani ni dawa ya viungo. Nilimkuta asubuhi moja amejipaka magotini. Nikamweleza. Akasema hata hivyo magoti yanaendelea vizuri, hataacha.

Sasa sikilizeni mambo ya mkononi, maana haya ndiyo mtakayoyahitaji.

Ngozi ya mbwa hawa ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Seng'enge ikimgusa, inamfungua. Kabla hamjaachia mbwa shambani, tembeeni mpaka wote wa shamba kwa miguu yenu, mtazame waya uko wapi. Si kuuliza mwenye shamba. Mwenye shamba husema hakuna waya, kwa sababu waya umekaa muda mrefu hata haoni tena.

Mbigili ndiyo adui wa nyayo. Kila mkirudi, inueni mguu mmoja mmoja, mpapase katikati ya vidole kwa kidole gumba. Mbwa wa mbio haleti malalamiko. Atakimbia na mwiba mpaka mguu uvimbe, halafu watu waseme amezeeka.

Chakula wapeni baada ya kazi, si kabla. Uji mzito wa mahindi uliochemshwa na miguu ya kuku, upoe kwanza. Maji, kidogo kidogo mpaka pumzi itulie.

Na wakati wa baridi wavisheni. Mimi niliwashonea makoti kwa masweta yaliyochakaa, nikakata mikono ya sweta kuwa ya miguu ya mbele. Wachuuzi waliopita njiani walisimama kucheka. Mmoja akapiga kelele, "Gogo, huyo anakwenda kanisani?" Nikamjibu, "Anakwenda kazini. Wewe je?"

Ilikuwa baridi ya mwaka huohuo ambapo vidole vya Mkhulu vilikataa. Asubuhi haviwezi kujikunja, na vikijikunja haviwezi kufunguka, na kazi yote ya kuachia mbwa imo katika kufungua vidole. Kamba ya kuachia inapita kwenye pete ya mkanda wa shingoni, ncha zote mbili umezishika wewe. Ukiachia ncha moja, kamba inateleza na mbwa anaondoka huru. Ukiachia zote mbili kwa woga, anaondoka na kamba inaburuta, inamzonga miguu, na umemvunja wewe mwenyewe. Mkhulu alijaribu mara kadhaa, kisha akanipa kamba. Ndivyo mfua mablanketi alivyokuwa mwachia kamba.

Mkhulu alikuwa akiwatuma mbwa kwa kusema "Sa!" Mimi sikuweza. Nilisomeshwa kwamba mbwa aliyefundishwa, ukimtuma kwa jina la Mungu, naye asimle mnyama bali akuwekee, nyama ni halali. Akimleta yu hai, unachinja. Wenye mashamba waliwataka sungura wasile spinachi yao, lakini nyama hawakuitaka, na pale mtaani kulikuwa na Waislamu wengi ambao sungura kwao ni sikukuu. Basi kila nilipoachia ncha ya kamba nilisema "Bismillah," kwa sauti, ili hata mbuga isikie. Mbwa wakazoea. Hata Mkhulu akazoea. Akiona sungura kabla yangu, alinigusa kiwiko na kuninong'oneza, "Gogo, Simila, Simila!"

Asubuhi zile nikizikumbuka sasa, sijui zipi niliziona na zipi niliziota. Nyasi zimepauka, zimepigwa sakitu, ile barafu ya alfajiri, ukizikanyaga zinalia kama glasi nyembamba. Moshi wa makaa kutoka Diepsloot umelala chini, haupandi. Mbali kabisa kuna maghorofa ya matajiri, taa zake hazijazimwa, yanaelea juu ya moshi bila msingi. Mbwa wamesimama kando yangu wanatetemeka, si kwa baridi, na mtetemo wao unapanda kwenye kamba, unaingia mkononi, unafika begani, mpaka sijui anayetetemeka ni nani. Kisha masikio mawili yanatokea penye majani. Nafungua vidole.

Ukungu alikuja mwaka uliofuata. Alikuwa jike wa rangi ya majivu, amechanwa ubavuni na waya, ametupwa kando ya barabara. Mkhulu akamtazama akasema jina lake ni Nkungu. Sikuhitaji mkalimani; kwetu ni ukungu, na ndivyo nilivyomwita. Tulimshona, akakaa mwezi mzima amenipa mgongo. Sikumbembeleza. Niliketi karibu naye nikatengeneza makoti yangu, naye siku moja akaja akaweka kidevu juu ya kiatu changu, akakiacha hapo.

Alipopona, nikamwachia kamba. Jamani. Nimeona mbwa wengi wakikimbia. Wengi wanapiga ardhi. Ukungu alikuwa haipigi. Mgongo wake ulijikunja na kujikunjua, na majani hayakuinama alikopita. Sungura alipokata kona, wengine walipitiliza wakabingirika. Yeye alikata naye, kama kwamba wawili wale wanakumbuka njia moja. Espe alikuwa ndio kwanza ameanza kazi, anasuka nywele za watu mjini siku tatu na siku nyingine yuko nasi. Alisimama na ndoo mkononi, akasema polepole, "Mama, ile mbwa haikimbiaka. Inapitaka tu." Mpaka leo sijapata maneno mazuri zaidi ya hayo.

Alikimbia nasi baridi ya mwaka ule na ya mwaka uliofuata. Mbwa wengine walikuja wakaenda. Kazi ya kuwatafutia nyumba niliifanya mimi, kwa sababu Mkhulu alikuwa mpole, akidanganywa. Mtu akija akiuliza kwanza mbwa ana mbio kiasi gani, nilimpa chai nikamsindikiza. Akiuliza analala wapi, nilimwambia akae. Nilikwenda nyumbani kwake bila kutoa taarifa. Nilitazama ukuta, kivuli, bakuli la maji, na namna watoto wa nyumba wanavyomtazama baba yao. Wote waliopokea mbwa wetu walikuwa Wazulu na Wapedi wenye mashamba, watu wa makanisa, na mbwa walitulia kwao bila shida. Likumbukeni hilo.

Mwaka 2018 mwenye ardhi aliuza. Mkhulu alikuwa mpangaji tu. Wakaja watu wa vipimo, wakachomeka vijiti vyekundu katikati ya mbuga, wakasema hapa panakuja nyumba za ukuta na geti. Tulipewa mpaka katikati ya baridi kuwaondoa mbwa. Watakaobaki, alisema kijana aliyetumwa, ataitwa mtu wa sindano ya kuwaua. Aliyasema akiangalia viatu vyake. Nadhani hakuwa mtu mbaya.

Tukahangaika. Mmoja baada ya mwingine walipata watu. Mkhulu alikuwa anarudi kwao kwa dada yake, akachukua wawili wazee. Ukungu hakuweza kwenda naye, maana dada ana mbuzi, na Ukungu na mbuzi hawakai kijiji kimoja. Espe alilia. "Mama, miye ningemubeba, lakini niko Doornfontein ghorofa ya tano, na lifti ilikufaka." Akabaki Ukungu peke yake katika mabanda yale yote, na mvuke wa pumzi yake mmoja tu asubuhi. Alikuwa ameanza kupata mvi mdomoni. Watu walitaka vijana.

Ndipo akaja Makame. Makame ni Mpemba, mkulima wa spinachi na mchicha upande wa pili wa barabara ya lami, mtu mkimya, mchapakazi, na sungura walikuwa wanamfilisi. Hakuuliza mbio. Aliuliza kama mbwa huyu anaumwa na baridi. Nilimpenda hapohapo. Nikaenda kwake, nikaona banda lililoinuliwa juu ya matofali, gunia kavu, mkewe Raya ametenga bakuli na udongo wa kuoshea. Nikamkabidhi Ukungu, nikatembea kurudi kwa miguu ingawa magoti yalikataa, kwa sababu sikutaka watu kwenye teksi wauone uso wangu.

Wiki haikwisha. Nilikuwa nabomoa mabanda na Mkhulu na Espe, nikamwona Makame anakuja njiani na Ukungu. Ameshika kamba kwenye ncha kabisa, mkono umenyooka, kama mtu aliyebeba nyoka kwa fimbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Makame. Mbona umemshika mbali hivyo? Amekuuma?"

"Hajauma."

"Amekula kuku?"

"Kuku kamkosa kwa unyoya. Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Mchukue tu."

"Nimchukue kwa kosa gani?"

Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Mbwa huyu akisikia jina la Mungu, anakimbia."

Nikamwambia aseme vizuri. Akasema vizuri. Siku ya kwanza wamekaa kula, Ukungu amefungwa kwenye mguu wa benchi. Makame kanyoosha mkono kwenye sahani, kasema Bismillah, na mbwa kaondoka na benchi, na shemeji yake alikuwa juu ya benchi. Wakacheka. Kesho yake Raya anafungua banda la kuku, kasema Bismillah, mbwa kapita katikati ya miguu yake. Hapo hawakucheka. Na asubuhi ile Makame kaingia kwenye pikapu, kasema Bismillah, kawasha moto, na mbwa karuka ukuta, kavuka lami mbele ya teksi. Teksi ilikwenda upande. Dereva alishuka na kumwambia Makame maneno ambayo Makame hakutaka kuyarudia mbele yangu.

"Sasa niambie wewe, mama, umesoma chuoni kama mimi. Kitu gani kinachokimbia kikisikia Bismillah?"

Nilijua anachotaka niseme.

"Ni shetani," akasema mwenyewe, kwa huruma kabisa. "Raya kamsomea mpaka sauti imekauka. Kila akianza, anakimbia tena. Sasa Raya hali, anasema katuletea nini huyu mama wa Tanga."

Mkhulu akauliza mgeni anasema nini. Espe akamtafsiria. Mkhulu alikaa chini kwenye mbao. Alicheka bila sauti, mabega yanaruka, mpaka akashikwa na kikohozi, na katikati ya kikohozi akawa anasema, "Simila! Gogo, Simila!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa namwona Ukungu na teksi ile. Miaka yote ile nilikuwa nimewafundisha mbwa kwamba neno lile maana yake ni nenda, nenda kwa nguvu zako zote, na hakuna aliyegundua, kwa sababu wote waliotangulia walikwenda kwa watu wasiolisema. Huyu ndiye wa kwanza niliyempeleka kwenye nyumba ambayo neno hilo linasemwa tangu mlango unapofunguliwa alfajiri mpaka unapofungwa.

Nikamwambia Makame, "Njoo nikuoneshe." Tukatoka mpaka penye vijiti vyekundu. Hapakuwa na sungura, hapakuwa na kitu. Nikapitisha kamba, nikasema Bismillah, nikaachia ncha. Ukungu akaenda. Alizunguka mbuga yote ile peke yake, duara kubwa, anafuata kitu ambacho sisi hatukukiona, na vijiti vilimwona akipita. Kisha akarudi polepole, ulimi nje, akaweka kidevu juu ya kiatu changu.

"Shetani akikimbia, anarudi?" nikamuuliza.

Makame alimtazama mbwa pale kiatuni. "Subhanallah," akasema. "Kumbe anatii." Akachutama, na kwa mara ya kwanza akampapasa kichwa. Kisha akasimama. "Lakini mama, mimi Bismillah nasema nikiwasha gari, nikila, nikifungua geti, nikivaa viatu. Nikimweka huyu, ama yeye atakufa barabarani, ama mimi nianze kulificha jina la Mungu kwa ajili ya mbwa. Lipi kati ya hayo unataka?"

Sikutaka hata moja, wala sikumlaumu. Tena yale maneno ya shetani yaliingia mtaani kwa njia zake, na kabla ya jua kuzama hapakuwa na nyumba ya Mwislamu Diepsloot nzima ambayo haikujua habari za mbwa anayekimbia Bismillah. Na mtu wa sindano alikuwa anakuja kesho yake.

Nikamchukua mimi.

Rehema alikuwa nje anakaanga maandazi, ndiyo biashara yake, alipotuona tunaingia. Hakusalimia.

"Mama. Nyumba hii tunaswali."

"Atalala nje, chini ya bati."

"Geti letu halifungi."

"Najua."

"Na mimi kila nikitia donge kwenye mafuta nasema Bismillah. Siwezi kuacha, mkono wenyewe ndio unaosema. Nitasema mara ngapi kwa siku? Utakuwa unamkimbilia na magoti hayo?" Akageuza maandazi. "Akitoka getini mara moja tu, mama, sitaki kumwona tena. Barabara iko pale. Sitaki Zai aje kuona mbwa kwenye lami." Zai ndiye mjukuu wangu, binti yake Rehema, aliyezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia, anajibu Kizulu na Kiingereza, na akitaka kitu kwangu anajibu Kiswahili safi.

Rehema alikuwa na haki. Nikamfunga Ukungu kwenye nguzo ya bomba, nikakaa kwenye ndoo, nikafikiri.

Hili liwekeni kichwani, vijana, kwa sababu hakuna aliyenifundisha hata Mkhulu. Neno huwezi kulitoa ndani ya mbwa. Ukimkaripia kila anapolisikia, utapata mbwa anayeogopa neno, na huyo ndiye Makame angekuwa sahihi kumwogopa. Unaloweza kubadilisha ni kile kinachofuata baada ya neno. Nilichukua bakuli lake la uji, nikalishika juu, nikasema Bismillah kwa mdomo karibu umefungwa. Akaruka, kamba ikamrudisha. Sikusema kitu. Nikangoja mpaka miguu yote ikatulia, ndipo nikaweka bakuli. Basi. Mlo uliofuata hivyohivyo. Hakupata hata tonge bila neno, wala neno halikuja tena na kamba kuachiwa. Asubuhi na jioni, kwa sauti ndogo, kisha ya kati, kisha ya Rehema mwenyewe na maandazi yake. Alipokuwa akikaanga nilikaa na kibakuli mapajani, kila donge likiingia na Bismillah yake, nadondosha kijiko kimoja cha uji. Rehema akasema sasa nyumba nzima inafanya kazi kwa ajili ya mbwa. Nikamwambia akaange.

Ilichukua karibu baridi yote iliyobaki. Wakati mwingine nilidhani haliwezekani. Alikuwa akilisikia, macho yanakwenda mbali, juu ya mabati, kule zilikokuwa nyasi, na mimi nilikwenda naye. Tunarudi wote wawili na uji umepoa.

Siku yenyewe haikuwa na mpango. Alasiri, nimemfungua anyooshe miguu, geti limefungwa kwa waya. Zai akarudi shule, akaingia, akaliacha wazi nyuma yake. Sikuona. Rehema ameweka karai jikoni, amenipa mgongo, akatia donge la kwanza, akasema kwa nguvu, "Bismillah."

Ukungu alisimama. Mwili ukashuka chini, ule mshuko ninaoujua, shingo imenyooka mbele. Mbele yake geti, na nje ya geti barabara, teksi zinapita zinapiga honi. Zai akaganda na mkoba begani. Mimi nilikuwa na tambara mkononi na ndoo kati ya miguu, na hata ningeinuka ningefanya nini? Kumwita sikuthubutu, sauti yangu ndiyo iliyokuwa ikimtuma siku zote.

Alitazama geti. Ubavuni pale tulipomshona, ngozi ikacheza.

Kisha akageuka. Akatembea, hakukimbia, akaja mpaka kwenye bakuli lake tupu, akasimama juu yake, akanitazama kama mtu aliyefika kwenye haki yake.

Rehema alikuwa amegeuka na upawa mkononi, mafuta yanadondoka. Donge lilikuwa linaungua. Akaliacha liungue.

"Mpe basi, mama," akasema. "Si kashasikia Bismillah?"

Baada ya hapo alikaa. Mwanzoni mwa mwaka huu Espe na wenzake wakapata kiwanja kile kipya, nikawasaidia kuanza, nikawaonesha waya na mbigili na kamba, mpaka magoti yakasema sasa basi. Mbuga ya Mkhulu imejaa nyumba. Nikipita pale nafumba macho, naona mbwa wanapita katikati ya kuta bila kuzigusa.

Ukungu mdomo wote umekuwa mweupe. Hawindi tena. Juzi, mchana, jua la baridi limeingia chini ya bati, alilala kwenye gunia lake na miguu ikaanza kukimbiza sungura wa ndotoni. Yote minne, upesi, bila kugusa chini, na kooni sauti ndogo kama ya mtoto mbali. Rehema alikuwa anapita na beseni la maji. Zai amechutama pembeni anatazama, akaniangalia kwa ule uso wa Kiswahili safi.

"Bibi, niseme Bismillah tuone ataenda wapi?"

Nikasimama, magoti na yote, nikawaambia wote wawili, na ndiyo amri ya nyumba hii mpaka leo: "Akiwa hivyo hakuna kumwita, hakuna kumgusa, na jina la Mungu si la kuchezea mbwa. Hayo maji pitisha upande wa pili. Mwacheni mpaka amkamate."